Nilikanda Tumbo Lisilokandwa

Assalaam alaykum, mama zangu na dada zangu! Mola asifiwe, asifiwe tena, asifiwe kwa pumzi hii anayonipa mie nisiyestahili! Itikieni kwa nguvu, jamani, maana leo sauti zenu ndizo zitakazonishikilia.

Mwalimu wetu wa darasa kanipa dakika kumi. Namshukuru, lakini nyote mnanijua, Bi Somoe na dakika kumi wapi na wapi! Nivumilieni. Nimekuja na mambo mawili. La kwanza, kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyeniachia mwanangu Zaina, yule pale kakaa karibu na mlango, kavuta ushungi usoni, anaona haya mama yake anavyomtaja. La pili, kuomba radhi kwa mtu mmoja aliyemo humu ndani. Nilimsingizia jambo mbele ya watu, tena siku ya msiba wake. Atajijua mwenyewe kabla sijafika mbali. Namsihi kwa jina la Allah asinyanyuke akaondoka. Kama ni kunizomea, anizomee nikishamaliza.

Ndugu zangu, hakuna humu asiyeijua kazi yangu. Mimi ni mkandaji wa chango. Tumbo likimkata mtu, mwanamke akichelewa kushika mimba, mtoto akilia na kujinyonganyonga, mlisema mpelekeni kwa Bi Somoe. Walikuja kutoka Umwe, walikuja kutoka Chumbi, wengine walitoka Mbwara huko na watoto mgongoni. Kazi hii niliirithi kwa bibi yangu mzaa mama, naye aliifanya mpaka vidole vikapinda. Namlaza mtu kwenye mkeka, nasoma Bismillahi, namimina mafuta ya ufuta, nalitafuta chango kwa vidole mpaka nalishika, kisha nalikata, yaani nalibonyeza mpaka litulie. Na wengi walipata nafuu, sisemi uongo. Tumbo la gesi hutulia, tumbo la hedhi hutulia. Wakipata nafuu walinisifu, nami sifa zile nilizila kama ubwabwa wa Idi.

Basi kiburi kikaingia. Nikawa nasema mkono wangu unaona. Ati mkono unaona! Manesi wa zahanati nikawaita watoto wa juzi. Kuna nesi mmoja, binti mwenye adabu zake, alinifuata nyumbani, akapiga goti, akaniambia, "Bibi, tumbo linalouma upande wa kulia na mwili una homa, usilikande. Tuletee sisi." Nikamuuliza, "Mwanangu, wewe umezaa wangapi?" Alikuwa hajazaa. Nikacheka, na waliokuwapo wakacheka, masikini akaondoka kainamisha kichwa. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Mie nilikuwa nayo mawili, yote ya kufa.

Sasa maisha yetu ya bondeni mnayajua. Mpunga ukianza kutoa masuke tunahama na vyungu vyetu, tunapanda kwenye madungu, vile vibanda vyetu vya juu ya nguzo, tunakaa huko miezi tukiamia ndege na kufukuza nguruwe mpaka mavuno. Maji mbele, maji nyuma. Tunaoga humo, tunafua humo, tunachota humo, na watoto wanashinda humo kama bata. Mvulana akikojoa mkojo mwekundu tulimtania, "Haya, kashakuwa mwanaume huyo!" Msichana akikojoa damu, nilisema ni chango, leteni mafuta. Kichocho tulikizoea kama tulivyozoea mbu.

Shuleni walikuwa wakija na vidonge vya kichocho. Wanamsimamisha mtoto penye fimbo yenye alama, wanatazama urefu wake, wanajua ameze vingapi. Watoto wengine walimeza na tumbo tupu, wakatapika njia nzima hadi nyumbani. Hapo maneno yakazuka kwamba vidonge vile vinafunga kizazi. Nani aliyazusha sijui. Aliyeyatembeza namjua, ni mimi! Nilipita nyumba kwa nyumba nikisema, "Mimi ndiye ninayejua kizazi cha mwanamke. Msiwape mabinti zenu." Nani angenibishia? Siku ya vidonge ikifika, Zaina wangu namtoa darasani nampeleka dunguni akaamie ndege. Mwaka wa kwanza hivyo, wa pili hivyo, wa tatu hivyo. Mwalimu akiuliza, namwambia mtoto anaumwa. Na palikuwa na mama mmoja aliyetaka binti yake ameze. Nikamwambia, "Haya mwenzangu, kamfunge mwanao kizazi, mjukuu utamwona kwa jirani." Akaogopa, akamficha. Ndiye huyo ninayemwomba asiondoke.

Zaina akamaliza shule, akawa mwali wangu mkubwa, mposaji kashabisha hodi. Msimu ule tulikuwa bondeni. Asubuhi moja hakushuka dunguni. Alisema tumbo linamkata hapa kwenye kitovu, na chai hakuitaka. Kufika adhuhuri maumivu yakahama, yakashuka kulia, hapa chini, na mwili wa moto, na anatapika nyongo. Mguu wa kulia kaukunja, ukimwambia aunyooshe analia. Na mimi, ndugu zangu, nilitabasamu. Nilisema hili ni chango la kike, nimeshalikata mara ngapi.

Nikamkanda adhuhuri. Nikamkanda alasiri. Nikamkanda kesho yake asubuhi na jioni. Alinishika mikono yote miwili akaniambia, "Mama, nakuomba, usiniguse hapo." Nikamjibu, "Na uzazi utauweza wewe, kama chango tu limekushinda?" Mtoto akauma khanga. Baba yake, Mzee Athumani, mnamjua hana maneno mengi, akasema, "Somoe, hebu tumpeleke mtoto hospitali." Nilimgeukia kama nyoka! Watu wanatoka Umwe kuja kwangu, mimi nimtoe wangu nimpeleke kwa watoto wa juzi? Watanionaje? Akaweka kofia yake kichwani, akashuka chini kukaa peke yake.

Hapo nisikilizeni vizuri. Wala sikuwaza kwamba mwanangu anaweza kufa. Niliwaza nitakavyosemwa. Mama mzima, nimezaa mara saba na kuzika mara mbili, nilikaa naye siku mbili nalinda jina langu. Astaghfirullah!

Siku ya tatu, jua limeshapanda, nikabonyeza kwa nguvu kuliko siku zote. Akapiga ukelele mmoja, kisha kimya. Baada ya kitambo akasema, "Mama, yamepungua." Akaomba maji. Loo! Nilipiga vigelegele juu ya dungu mpaka watu wa madungu ya jirani wakaitikia. Nikamwita Mzee Athumani, "Umeona? Ungekwenda kumpasulisha mwanangu bure!" Nikashuka nikawasha moto nimpikie uji.

Uji haujachemka, mwiko ukanianguka mkononi. Nilikuwa nimekumbuka. Ndugu zangu, vigelegele vile niliwahi kuvipiga kabla, misimu miwili nyuma, kwa ajili ya Rehema. Wengi humu mlimjua, binti wa miaka kumi na mitatu, mchangamfu, hodari wa kupepeta. Maumivu yake yalikuwa haya haya, upande huu huu, mguu kaukunja hivi hivi. Nikamkanda siku tatu. Naye alinitazama akasema, "Bibi, yamepungua." Mama yake alinishika miguu akanishukuru kwa machozi. Kesho yake tumbo la Rehema likawa gumu kama ubao. Keshokutwa yake tukamzika. Na tangu siku ile mimi nilikuwa nakula, nalala, nakanda watu wengine, sijajiuliza hata mara moja.

Nikapanda ngazi ya dungu sijui kwa miguu gani. Nikaweka kiganja kwenye tumbo la Zaina. Lilikuwa limeanza kukaza.

"Athumani, mtumbwi!" Hakuniuliza neno, na Mungu amlipe kwa hilo. Alimbeba mwanawe mgongoni, tukavuka, vijana wa madungu wakasaidia kumfikisha njiani, bodaboda ikatupakia, mie nyuma nimemkumbatia asianguke. Kila shimo analia, na kila akilia nashukuru, maana anayelia yu hai. Tukapata gari penye lami, tukaelekea Kibiti. Sikuwa na dua ndefu. Nilisema maneno yale yale njia nzima, "Ya Rabbi, usimchukue kwa mikono yangu. Ukitaka kunichukua mimi, nichukue, ila huyu usimchukue kwa mikono yangu."

Hospitali tulimkuta daktari wa kike, mdogo, angeweza kuwa mjukuu wangu. Aligusa tumbo mara moja tu. Akatazama mafuta yanavyong'aa juu ya ngozi, akauliza, "Nani alikuwa anakanda?" Nikasema ni mimi, mama yake. Hakunigombeza. Bora angenigombeza, ningejua la kumjibu! Alisema tu, "Mmechelewa sana, mama. Kidole tumbo kimepasuka. Lakini tutajaribu, nanyi ombeni." Wakamkimbiza ndani.

Walikaa naye humo tangu adhuhuri mpaka alasiri inaisha. Nilisali Adhuhuri kwenye kiwambaza cha wodi, nikasali Alasiri hapo hapo, nikasahau rakaa nikaanza upya. Walipotoka wakasema wamekitoa kidole tumbo, wamesafisha usaha uliokuwa umeenea tumboni, na sasa tusubiri. Siku ya nne homa ikapanda tena, akawa ananiita kwa jina la bibi yake, hanijui. Siku ya sita akafungua macho akasema, "Mama, nina njaa." Allahu akbar! Ndugu zangu, sijasikia neno tamu kuliko hilo tangu nizaliwe. Nililia mpaka muuguzi akaja kuuliza kama mgonjwa kafariki.

Semeni alhamdulillah! Semeni tena!

Lakini sikilizeni Mungu anavyofundisha mtu mbishi. Kile kipande walichokitoa walikipeleka Dar es Salaam kikapimwe. Tuliporudi kliniki majuma kadhaa baadaye, yule daktari akatuketisha, mimi na Zaina na baba yake. Akasema, mara nyingi kidole tumbo huvimba kwa kuziba tu, na chanzo hakionekani. Cha Zaina kimekutwa na kitu ambacho si cha kawaida sana. Ndani ya nyama yake walikuta mayai ya kichocho, mengi, ya zamani na mapya. Nikamwambia, "Daktari, kichocho ni cha mkojo, tumboni kimefikaje?" Akanieleza kwa upole kama anavyoelezwa mtoto. Kijidudu kinatoka kwa konokono majini, kinapenya ngozi mtu akiwa ndani ya maji, kinakaa kwenye mishipa ya damu, kinataga. Mayai mengi huenda kibofuni, ndiyo ile damu ya mkojo. Mengine hupotea njia, yakakwama kwingine, hata kwenye kidole tumbo. Hapo nyama inavimba, inakuwa na makovu, siku moja inaziba na kuoza. Akasema, "Mama, ukikanda tumbo la namna hiyo, ni kama kukamua jipu lipasukie ndani." Kisha akamuuliza Zaina, "Vidonge vya shuleni ulimeza mara ngapi?"

Zaina alinitazama mimi. Nikasema, "Hajameza hata mara moja. Mimi nilimficha."

Basi wakampa vidonge siku ile ile, baada ya kula, kwa kipimo chake. Alipata kichefuchefu kidogo, jioni kikaisha. Hicho ndicho nilichokuwa nikikikimbia miaka yote ile! Nikamuuliza daktari kuhusu kizazi. Akasema vidonge havifungi kizazi, ila usaha ulioenea tumboni unaweza kuacha makovu kwenye mirija, na kichocho kilichokaa muda mrefu nacho kina madhara yake. Huenda akazaa bila shida, huenda akahangaika, kwa sasa hawezi kusema. Mnaelewa, mama zangu? Nilimficha mtoto asifungwe kizazi, na kama kitafungika, nitakuwa nimekifunga mwenyewe. Yule mposaji amesema atasubiri, Mungu ambariki. Mie kila mwezi nahesabu siku na mwanangu hata hajaolewa. Zaina kashaniambia amenisamehe. Mimi bado napata tabu kumtazama anapojipinda kwa ajili ya kovu akiokota kitu.

Kukanda nimeacha. Si kwamba wameacha kuja. Juzi tu kaja mama kutoka Umwe na mtoto analia tumbo, kanikuta uani nachambua mchele. Nilipomwambia sikandi, alikasirika, akasema Bi Somoe siku hizi anaringa. Nikaacha mchele, nikavaa khanga, nikamshika mkono tukaenda naye zahanati mguu kwa mguu. Ilikuwa minyoo tu, alhamdulillah, wakampa dawa. Yule nesi niliyemuuliza kazaa wangapi ndiye aliyetupokea. Nilimwomba radhi hapo hapo, mbele ya wagonjwa, naye akanikumbatia. Ana mtoto mmoja sasa, mnene huyo!

Ndugu zangu, nawasihi, tumbo likianza kitovuni likahamia kulia, na homa, na kutapika, msimtafute mkandaji. Msinitafute mimi wala mwingine. Likinyamaza ghafla baada ya kuuma sana, msifurahi, kimbieni. Siku ya vidonge wapeni watoto uji kwanza, kisha wapelekeni wenyewe mpaka kwenye ile fimbo, hata kama ndege watakula mpunga. Tumtegemee Mwenyezi Mungu, lakini tusimwachie kazi aliyotupa sisi miguu ya kuifanya. Yeye ndiye anayeponya, na alimponya wangu kwa mikono ya watoto wale wale niliowadharau. Kwa hilo nitamshukuru mpaka waniweke mwanandani.

Sasa la pili. Ndilo lililonileta.

Mama Rehema, nakuona hapo kwenye nguzo. Ahsante hukuondoka. Siku tulipomzika mwanao, wanawake tumejaa uani kwako, mtu mmoja aliuliza, "Imekuwaje, Bi Somoe, mbona mkono wako haujawahi kushindwa?" Wewe ulikuwa umekaa chini, kichwa wazi, huna nguvu ya kunyanyua hata kikombe. Nikasema kwa sauti, kila mtu asikie, "Alichelewa kumleta. Angemleta mapema ningelikata." Ukainua macho ukanitazama. Kuanzia siku ile nimesikia watu wakisema Mama Rehema ndiye aliyemchelewesha mwanawe. Nimesikia kwamba hata mumeo amekutupia neno hilo. Nami nilisikia, nikanyamaza, kwa sababu lilikuwa linanifaa.

Wanawake wote mliokuwapo uani siku ile, sikilizeni, na mkitoka hapa mkaseme majumbani kama mlivyolisema lile la kwanza. Mama Rehema alimleta mwanawe kwangu siku ile ile tumbo lilipoanza, jua halijafika utosini, kamweka juu ya baiskeli na yeye anaisukuma huku akitembea. Alitaka kuendelea hadi zahanati. Alisema hivyo kwa kinywa chake, na mimi nikamwambia shusha mtoto, zahanati watakucheka. Nilimshika siku tatu kwenye mkeka wangu. Na kabla ya hapo alitaka ampe vidonge, nikamtisha.

Siwezi kujua kama Rehema naye alikuwa na mayai yale. Hakupasuliwa, hakupimwa, na mimi ndiye niliyemzuia. Siombi unisamehe leo, mama. Huenda usiweze, na mimi sina haki ya kukuharakisha. Mwanangu kakaa pale mlangoni anapumua, na wako hayupo, sina dua inayolisawazisha hilo. Nimekuja kukuvua kile nilichokuvika. Mama Rehema, hukuchelewa. Mungu shahidi, na hawa wote mashahidi, ulifika mapema.